Jinsi ya Kuhesabu Rekodi Yako ya Kupanda Mlima kwa Siku
Rekodi hii huhesabiwa kwa kujumlisha mita zote ulizopanda, wala si kwa tofauti ya urefu kati ya mwanzo na kilele. Kwenye Mlima Meru, kutoka kibanda cha Saddle (mita 3,570) hadi kileleni (mita 4,562), tofauti ni mita 992, lakini baada ya Rhino Point, sehemu iliyo kati ya kibanda na kilele, njia huteremka kidogo, nawe utaupanda mteremko huo wakati wa kurudi. Saa inayopima urefu kwa mgandamizo wa hewa irekebishwe kibandani kabla ya kuondoka, kwa sababu hali ya hewa ikibadilika usiku, namba hubadilika hata ukiwa umelala. Kuvunja rekodi, ninavyoona, kunafaa zaidi kwenye vilima vya chini. Kichwa kikianza kuuma huko juu, usiendelee kupanda.