Nyati-maji kwa upinde: mshale mzito, na mengine ya kujua kabla hujalipa

Kiangazi cha kaskazini mwa Australia kikikaribia, ndugu zetu walioko Darwin, Brisbane na Perth huanza kupiga simu Kampala na swali moja: "Kaka, wenzangu wa kazini wamenialika kuwinda nyati kwa upinde, ninunue mshale gani?" Ukimuuliza yeye anafikiria upi, atakutajia ule mwembamba, mwepesi, wenye kasi. Kwa nyati huo haufai, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza mnyama mwenyewe, maana tuliokulia karibu na Ishasha au Paraa, kwenye hifadhi za Uganda, tunamdhania kuwa ni mbogo yule yule. Nyati-maji asili yake ni Asia. Pembe zake ni ndefu, zimelala kuelekea nyuma, na hana lile pande nene la pembe linalofunika paji la mbogo wetu. Dume lililokomaa linaweza kukaribia tani moja. Waingereza waliwaingiza Australia kuanzia miaka ya 1820, Melville Island na rasi ya Cobourg, wawe chakula cha kambi zao. Kambi ya mwisho ilipofungwa mwaka 1849 waliachwa, wakaingia porini na kuzaana. Leo makadirio mengi yanazidi laki moja, na serikali ya huko inawahesabu kuwa waharibifu: wanabomoa kingo za mabwawa na kuchimba mifereji inayoleta maji ya chumvi kwenye maji baridi. Ndiyo sababu wanawindwa bila kificho.

Hilo lisikupe ujasiri wa kuingia popote. Arnhem Land, eneo la kaskazini wanakopatikana nyati hao, ni ardhi ya wenyeji wa asili kwa sheria ya mwaka 1976, na kibali cha kuingia hupitia Northern Land Council, baraza la ardhi la wenyeji hao, pamoja na wenye ardhi wenyewe. Kwenye ranchi, ruhusa ni ya mwenye ranchi, na uipate kwa maandishi. Ukiwa Uingereza au Ujerumani, kuwinda kwa upinde kumekatazwa na sheria, kwa hiyo huko utafanya mazoezi ya shabaha tu. Hata Tasmania, ambayo ni Australia hiyo hiyo, hairuhusu. Aliyeko Marekani anaweza kumpata nyati-maji kwenye ranchi binafsi za Texas, na Argentina wapo pia.

Sasa mshale. Kwetu Afrika Mashariki tuna sifa kubwa ya upinde. Waata wa pwani ya Kenya walimwangusha tembo, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanawinda hadi leo. Lakini kwa wanyama wakubwa, kazi nzito ilifanywa na sumu. Mshale ulitakiwa kupenya ngozi na kuifikisha sumu kwenye damu, mengine yalijimaliza. Mshale utakaotumia wewe hauna sumu. Unaua kwa kukata, basi: upite ngozi nene yenye tope lililokauka, upite mbavu, utoboe mapafu yote mawili, na ikiwezekana utokee upande wa pili. Mbavu za nyati ni pana na zimekaribiana sana, kwa hiyo usitegemee kupenyeza katikati yake. Panga kuupiga mfupa.

Uzito wa mshale hupimwa kwa greni, na gramu moja ni kama greni 15.4. Mshale wa kawaida wa kuwindia paa na swala una greni 400 hivi, yaani gramu 26. Kwa nyati, 650 ni sakafu, na wazoefu wengi hukaa kati ya 700 na 900. Namba hiyo ya 650 inatokana na kazi ya Mmarekani Ed Ashby, aliyechunguza upenyaji wa mishale kwenye miili ya wanyama, kwanza Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, kisha kwa nyati-maji wa Australia. Aliona kwamba kuanzia uzito huo mshale hupata nafasi kubwa zaidi ya kuvuka mfupa mzito badala ya kukwama juu yake.

Hesabu yake ni ya sekondari. Chukua upinde mmoja wenye nguvu. Tuseme unarusha mshale wa gramu 26 kwa mita 85 kwa sekunde, na ule wa gramu 58 kwa mita 59. Nishati ya kwanza ni jouli 94, ya pili 101, tofauti si kubwa. Sasa zidisha uzito, kwa kilo, kwa kasi: mwepesi unapata 2.2, mzito 3.4. Hiyo hesabu ya pili, ya uzito mara kasi, ndiyo inayouweka mshale kwenye mwendo baada ya kukutana na ukinzani. Mwepesi hufika haraka na kusimama haraka. Muuzaji dukani atakusifia kasi, kwa sababu kasi ndiyo inayouzika.

Hata hivyo uzito peke yake nauweka nafasi ya nne. La kwanza ni mshale usivunjike, la pili uruke sawa, la tatu uwe mkali. Mshale wa greni 900 unaoruka huku mkia ukiyumba hufika umekaa mshazari, na nguvu yote inaishia kuupinda uti wenyewe, yaani fimbo ya mshale.

Tuunganishe mmoja. Uti wa kaboni wa inchi 28 wenye greni 12 kwa kila inchi unakupa 336. Kipande cha shaba au chuma cha pua kinachoingia ndani ya uti mbele, 100. Kigumba, 250. Manyoya na kishikio cha nyuma cha kushika ugwe, kama 40. Jumla ni greni 726, gramu 47, na sehemu kubwa ya nyongeza iko mbele, panapotakiwa. Usinunue kipande cha alumini hafifu kwa ajili ya kuokoa pesa kidogo. Pale kigumba kinapoungana na uti ndipo mishale mingi huvunjika.

Kupima uzito wa mbele, lalisha mshale uliokamilika juu ya kidole mpaka utulie, kisha weka alama. Kama urefu kutoka mkiani hadi mwisho wa uti, bila kigumba, ni sentimita 75, katikati yake ni 37.5. Mshale ukitulia kwenye sentimita 52, umezidi katikati kwa 14.5. Gawa kwa 75 na utapata asilimia 19, kiwango kizuri kwa nyati.

Ukiongeza uzito mbele, uti hujipinda zaidi unapoondoka kwenye upinde. Hivyo utahitaji uti mgumu zaidi. Namba ya ugumu huandikwa kwenye uti, na ndogo ndiyo ngumu: 250 ni mgumu kuliko 340. Kabla ya kununua dazeni nzima, nunua mitatu ya namba tofauti, irushe bila manyoya kwenye shabaha kutoka mita 15, uone upi unaingia umenyooka.

Kigumba kiwe cha makali mawili, kipande kimoja cha chuma, kisicho na kitu kinachofunguka. Vile vinavyojifungua vikigusa nyama viachie swala. Kufunguka kwenyewe hula nguvu unayoihitaji. Wengi wa wawindaji wa nyati hupenda makali yaliyonolewa upande mmoja tu, kama patasi, kwa sababu kigumba hicho huzunguka kikiingia na kinaweza kuupasua mfupa. Makali ya kulia yaende na manyoya yaliyopinda kulia, vinginevyo vitapingana. Noa mwenyewe, kwa jiwe kisha kwa ngozi, mpaka kinyoe nywele za kigasha bila kukandamizwa. Kilichotoka dukani mara nyingi bado hakijafika hapo.

Upinde wa kisasa wenye kapi, wa nguvu ya kuvuta paundi 70, unatosha ikiwa unaweza kuuvuta taratibu ukiwa umeketi au umepiga goti. Ukilazimika kuunyanyua juu ndipo uvute, punguza paundi, maana nyati akiwa mita 20 ataona huo mkono.

Na ni mita 20 hizo hizo ninazozisema, si 50. Mshale mzito hushuka upesi, halafu mnyama huyu ukikosea kidogo unampa mateso na kujipa adui. Piga akiwa amekupa ubavu, au amegeuka kidogo akielekea mbali nawe. Akikutazama uso kwa uso, shusha upinde, hata kama amesimama hivyo robo saa. Fuata mstari wa nyuma ya mguu wa mbele, panda theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Wageni hupiga juu mno, kwa kuwa nundu ya bega inadanganya jicho.

Mwongozaji asimame nyuma yako na bunduki nzito, na mkubaliane kabla ni wakati gani anaruhusiwa kufyatua. Anayekwambia bunduki haihitajiki, mwache utafute mwingine. Ukishapiga, tulia. Aliyejeruhiwa hukimbilia vichaka au maji, na kwenye maji hayo kuna mamba wa maji ya chumvi, ambao ni wakubwa na hawana haya.

Nenda kati ya Mei na Oktoba. Masika hufunga barabara. Ukiwasili Australia kutoka nje, tangaza mpakani viatu vyenye udongo, manyoya ya ndege na uti wa mbao. Maofisa wa karantini wa kule hawana utani, na kuficha ni faini.

Wengine huuliza kama wanaweza kuja kufanyia mazoezi Uganda wakati wa Krismasi. Usithubutu. Nyati wetu wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, ambayo kwa makosa ya spishi zilizo hatarini adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Uwindaji wa kulipia ulirejea kwa majaribio mwaka 2001 pembezoni mwa Ziwa Mburo, na unafanyika kupitia wenye leseni ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA), si kwa kuzungumza na mjomba mwenye shamba jirani na hifadhi. Kama unataka kuuleta upinde, waulize forodha na polisi kabla ya kukata tiketi. Pembe za nyati-maji za kutundika sebuleni kwako Ntinda, Kampala, nazo ziombee kibali cha mifugo mapema, na fuvu lichemshwe na kusafishwa kabisa huko huko. Pembe zenye nyama iliyoganda hazitavuka Entebbe, hata shangazi yako akiwa anafanya kazi uwanjani.