Somo: Jinsi ya kumtafutia mgonjwa wa saratani msaada wa gharama za matibabu

Ndugu zangu, somo hili ni la yule anayemuuguza mgonjwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana nguvu ya kuzunguka na makaratasi. Nilimuuguza dada yangu akiwa na saratani ya matiti, na kosa letu kubwa lilikuwa kungoja. Tuliuza vitu, tukakopa, na tulipoishiwa kabisa ndipo tukaanza kuulizia msaada. Tukakuta mifuko mingi hailipi deni lililokwisha kuwepo, inalipia tiba inayokuja. Kwa hiyo anza kuuliza wiki ileile majibu ya biopsi, yaani kipimo cha kipande kinachokatwa kwenye uvimbe, yanapotoka.

Hatua ya 1: Jua hasa unachoombea

"Tunaomba msaada wa matibabu" ni ombi lisiloshikika. Muulize daktari: ni saratani ya aina gani, imefika hatua ya ngapi, dawa zipi, mizunguko mingapi na kila baada ya siku ngapi, upasuaji upo au haupo, mionzi mara ngapi. Kemo nyingi, yaani dawa za kuua seli za saratani, hutolewa kwa mizunguko, kwa mfano kila baada ya siku 21, hivyo gharama inaweza kugawanyika: mfuko mmoja ukabeba mizunguko miwili, ndugu wakabeba inayobaki.

Kisha chora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza ni malipo ya hospitali. Ya pili ni nauli, malazi na chakula cha mgonjwa na anayemsindikiza. Ya tatu ni kipato kilichosimama kwa sababu mgonjwa au mwuguzaji haendi kazini. Hizi mbili za mwisho ndizo watu husahau, nami nimeona mtu akikatiza tiba aliyokwisha kusamehewa malipo yake kwa kukosa nauli tu.

Hatua ya 2: Uliza kama tiba ileile inaweza kushuka bei

Hapa watu wanaona haya, na hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Uliza kama kuna dawa jeneriki, yaani dawa ileile iliyotengenezwa na kampuni nyingine, mara nyingi kwa bei nafuu. Imatinib, kwa mfano, inayotumika kwa aina mojawapo ya saratani ya damu, sasa inatengenezwa na kampuni nyingi. Trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti yenye protini iitwayo HER2 kwa wingi, iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, na mwaka 2019 shirika hilo likaidhinisha toleo la kwanza la kampuni nyingine linalolingana na ile ya awali.

Kwenye mionzi, uliza kama ratiba fupi inamfaa mgonjwa wako. Kwa wagonjwa wengi wa saratani ya matiti, mionzi ya siku 15 imethibitika kufanya kazi sawa na ile ya siku 25. Hizo ni safari kumi za kwenda na kurudi ambazo hulipi. Kwa maumivu ya mifupa saratani ikishasambaa, mara nyingi dozi moja hutosha kuyatuliza. Mwenye kuamua ni daktari, lakini kuuliza ni haki yako.

Hatua ya 3: Mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali

Mtafute kabla ya kwenda kokote. Yeye ndiye anayejua njia ya msamaha wa malipo, nyumba za kulala wagonjwa wanaotoka mbali, na mfuko upi bado una pesa. Mwambie hali ya nyumbani ilivyo. Ukijikweza, fomu itajazwa hivyohivyo.

Hatua ya 4: Tengeneza faili

Weka majibu ya histolojia (ripoti ya maabara ya kile kipande cha biopsi), barua ya daktari, makadirio ya gharama yaliyotolewa na hospitali yenyewe, kitambulisho, kadi ya bima kama ipo, na uthibitisho wa kipato au wa kukosa kipato. Toa nakala tano za kila kimoja. Karatasi halisi haitoki mkononi mwako.

Barua ya daktari isome ukiwa bado mlangoni kwake. Yetu ilirudishwa mara mbili: mara ya kwanza haikutaja idadi ya mizunguko, mara ya pili mhuri uliangukia juu ya tarehe, haisomeki. Wiki tatu zikapotea kwa wino.

Hatua ya 5: Piga hodi kwa mpangilio

Anza na bima na mipango ya serikali, fuata mwajiri, halafu mashirika ya saratani, kisha taasisi za dini. Usiziache programu za watengenezaji wa dawa. The Max Foundation, kwa mfano, shirika la hisani linaloshirikiana na watengenezaji hao, huwafikishia wagonjwa wa nchi nyingi baadhi ya dawa za saratani bila malipo, lakini njia yake ni daktari anayemtibu mgonjwa, kwa hiyo mwombe yeye aulize. Kwa watoto, uliza kama hospitali inapata dawa kupitia mpango ulioanzishwa mwaka 2021 na St. Jude, hospitali ya watoto ya Marekani, pamoja na Shirika la Afya Duniani. Dawa za mpango huo hupitia serikali na hospitali, familia haiombi moja kwa moja.

Kila unapokwenda, andika tarehe, jina la uliyeongea naye na alichoahidi.

Maswali ya wanachama

*Kaka, bima imekataa kulipia dawa ya mama. Ndiyo basi tena?*

Hapana, dada yangu. Dai sababu kwa maandishi, na uangalie siku ya mwisho ya kukata rufaa. Wakati mwingine tatizo ni kibali ambacho hakikuombwa mapema, au ugonjwa umeandikwa vibaya kwenye fomu. Mwombe daktari aandike kwa nini dawa hiyo na si nyingine, na kama inawezekana aongee na daktari wa bima ana kwa ana.

*Nimepigiwa simu, msaada umepita ila natakiwa kutanguliza ada ya usajili.*

Usitume hata senti. Huo ni wizi.

*Tumeshauriwa kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya. Ni bure?*

Dawa inayochunguzwa kwa kawaida hulipiwa na watafiti. Vipimo vya kawaida na nauli huenda visilipiwe. Uliza nani analipa nini, na nani atalipa madhara yakitokea, kabla hujaweka sahihi. Na kumbuka mgonjwa anaruhusiwa kujitoa wakati wowote.

*Tunataka kuchangisha mtandaoni. Tuweke picha za mtoto?*

Picha moja yenye heshima yatosha, na kama mtoto anaelewa, mwulizeni kwanza. Msiweke majibu ya vipimo wala namba ya faili. Malipo yakiweza kwenda moja kwa moja hospitali, wachangiaji huamini zaidi.

*Baba anameza imatinib siku moja, anaruka siku moja, ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Anasema hataki kutusumbua.*

Pole sana, mdogo wangu. Dawa hiyo humezwa kila siku, na kurukaruka kunaweza kuipa saratani nafasi ya kurudi. Usimgombeze, anafanya hivyo kwa kuwapenda. Hesabu vidonge vilivyobaki, kisha piga simu kliniki leo uwaambie vitaisha tarehe gani.