Somo: Kuvuka Flores kwa gari na kikundi kidogo, Labuan Bajo hadi Maumere

Ndugu zangu, kila nikitaja Indonesia naulizwa Bali. Bali nzuri, sibishi. Lakini ukitaka kuona Indonesia ya jembe na mpunga, ya nyumba za nyasi na kahawa iliyoanikwa uani, panda ndege fupi kutoka Bali kwenda Labuan Bajo, kisha uvuke kisiwa cha Flores kwa gari mpaka Maumere upande wa mashariki. Mimi nilikwenda mwezi wa Agosti, tulikuwa watu saba, tukatumia siku kumi. Ninaandika hatua kwa hatua ili anayetaka kwenda asirudie makosa yetu.

Hatua ya 1: Hesabu saa, usihesabu kilomita

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na wengi ndipo wanapoharibu safari. Flores ina urefu wa kama kilomita 360 tu. Ukiiangalia kwenye ramani utasema siku mbili zinatosha. Sasa chukua barabara ya Mombo kupanda Lushoto, ile ya kona za milimani kule Tanzania, uivute iwe ya siku nzima, na kesho yake uianze tena. Ndiyo Trans-Flores, barabara kuu ya kuvuka kisiwa. Labuan Bajo hadi Ruteng ni kama saa nne. Ruteng hadi Bajawa saa nne hadi tano, Bajawa hadi Ende vivyo hivyo. Ende hadi Moni ni karibu saa mbili, na Moni hadi Maumere saa tatu. Hapo hujasimama popote, na usiposimama umekwenda kufanya nini?

Kwa hiyo msikae barabarani zaidi ya saa tano kwa siku. Sisi siku ya tatu tulikubali ratiba ya wakala aliyetubebesha sehemu mbili kwa siku moja. Wawili walitapika, dereva alikuwa anasinzia, na kijiji tulichokuwa tumekitamani tulikipita gizani. Jioni ile tulikaa kikao tukafuta vituo viwili, na safari ikaanza upya.

Hatua ya 2: Kikundi

Watu sita hadi wanane. Wanaenea kwenye Hiace moja pamoja na mizigo, na mwenyeji wa kijijini anaweza kuwalisha bila kuhangaika. Kabla ya kuondoka, chagueni mtunza mfuko mmoja: kila mtu anatoa kiasi sawa, na chakula, viingilio na sadaka za vijijini vinalipwa humo. Mwenye kichefuchefu anakaa mbele, na hilo halijadiliwi kila asubuhi.

Hatua ya 3: Dereva

Tafuta dereva mzaliwa wa Flores. Kule kila bonde lina lugha yake na mila zake, na dereva mwenyeji ndiye atakayekwambia leo kijiji fulani kina msiba, tupite kesho. Kubalianeni kabla: mafuta, chakula chake na malazi yake yamo kwenye bei au hayamo? Lipa nusu, nusu nyingine mkifika. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi.

Hatua ya 4: Karatasi, fedha, afya

Habari za viza zisome kwenye tovuti ya uhamiaji ya Indonesia yenyewe, kwa sababu masharti hubadilika. Ukitokea nchi yenye homa ya manjano utadaiwa kadi ya chanjo. Mashine za kutolea fedha zipo Labuan Bajo, Ruteng, Bajawa, Ende na Maumere. Ukiingia Moni au vijijini uwe na noti ndogo ndogo mfukoni.

Malaria ipo, basi zungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga. Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kichaa cha mbwa: Flores wanacho, na mbwa wamejaa kila kijiji. Usimshike mbwa, hata awe mtoto. Ukiumwa au kuparuzwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Nendeni kati ya Mei na Septemba. Mvua zikianza, milima humwaga udongo barabarani. Na acheni siku mbili za akiba mwishoni kwa sababu ya volkano. Lewotobi, mashariki ya Maumere, ililipuka Novemba 2024 ikaua watu, na safari za ndege zikavurugika mpaka Bali.

Hatua ya 5: Njia yenyewe

Kabla ya Ruteng simameni Cancar. Unapanda kilima kidogo, na chini yako mashamba ya mpunga yamekatwa kama utando wa buibui. Wamanggarai, wenyeji wa huko, huyaita lingko. Ugawaji huanzia katikati, kila familia inapata kipande chembamba kule ndani kinachopanuka kuelekea nje. Ruteng iko juu, kama mita 1,200, na usiku ni baridi ya sweta.

Wenye miguu waende kijiji cha Wae Rebo. Unapanda msituni saa mbili hadi tatu ndipo unaziona nyumba saba za nyasi, ndefu, zimechongoka juu, zimezunguka uwanja. Mgeni hapigi picha wala hatembeitembei kabla hajakaribishwa na wazee ndani ya nyumba kuu. Tulikaa mkekani, mzee akasema maneno ya kuwajulisha wahenga kwamba tumefika, ndipo kahawa ikaletwa. Usiku wageni wote hulala duara kwenye nyumba moja.

Karibu na Bajawa kuna Bena, chini ya mlima Inerie. Katikati ya kijiji yamesimamishwa mawe makubwa ya zamani, na kati yake kuna ngadhu, nguzo yenye mwamvuli wa nyasi ya kumkumbuka babu wa ukoo, na bhaga, kibanda kidogo cha bibi wa ukoo. Kina mama hufuma barazani. Kama unanunua, nunua kwa aliyefuma, na usimkate bei mpaka umwumize. Shuka moja ni kazi ya wiki nyingi.

Ende msipite mbio. Waholanzi, waliokuwa wakiitawala nchi, walimhamishia huko Sukarno, 1934 hadi 1938, kabla hajawa rais wa kwanza wa nchi. Wenyeji wanakuonyesha mahali alipokuwa akikaa kuwaza misingi ya taifa lake, chini ya mshelisheli. Nilifurahi sana, maana kwetu pwani shelisheli ni mti wa uani, wa kuchoma na kula na chai.

Moni ni ya kulala mapema. Saa kumi alfajiri mnaondoka kwenda Kelimutu, mlima wa mita 1,639 wenye maziwa matatu kileleni, kila moja na rangi yake, na rangi hizo hubadilika kufuatana na gesi na madini yanayotoka chini. Watu wa kabila la Lio, wenyeji wa hapo, husema roho za wafu huenda humo: wazee ziwa lao, vijana lao, na wenye uovu lao. Basi pale juu punguzeni sauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Shikamoo mwalimu. Sisi ni Waislamu, na nasikia Flores ni Wakatoliki watupu. Tutakula nini?

Marahaba mwanangu. Wakatoliki ndio wengi, na nguruwe huliwa sana, kwa hiyo uliza. Lakini kila mji una mkahawa wa Padang, wa Waislamu kutoka Sumatra. Hapo huagizi: unakaa, mhudumu anakuja amepanga sahani mkono mzima, anakujazia meza samaki, rendang (nyama iliyopikwa na nazi na viungo), mboga na pilipili, na unalipia ulichogusa tu. Ende na Labuan Bajo kuna Waislamu wengi na misikiti. Vijijini mwambie mwenyeji mapema, atakupa wali, mayai na mboga bila kununa.

Nairobi: Mama yangu ana miaka 66 na magoti yanamsumbua. Aje?

Aje, dada. Aiache Wae Rebo, abaki Ruteng siku hiyo. Kelimutu gari inafika karibu, halafu ni kutembea kama nusu saa na ngazi za mwisho. Akienda taratibu atafika. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa, na kuoga ni kwa kata kutoka kwenye birika la maji. Asiingie ndani ya birika, maji yale ni ya watu wote.

Pemba: Lugha mlifanyaje?

Kiindonesia kitakushangaza. Wao husema *apa kabar*, sisi habari. *Waktu* ni wakati, *selamat* ni salama, *dunia* ni dunia, *meja* ni meza, na *bendera* ni bendera. Ila *gereja* ni kanisa, usidhani ni gereza, na kibao cha *hati-hati* barabarani maana yake ni tahadhari.

Na wewe wa Pemba nikwambie hili. Njia ya Ruteng nilinusa karafuu kabla sijaziona. Nikamwomba dereva asimame. Zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya lami, nyekundu zinaanza kuwa nyeusi, na bibi mmoja anazigeuza kwa mkono. Asili ya karafuu zetu ni visiwa vya Maluku, kaskazini-mashariki ya hapo. Nilichuchumaa nikazigeuza pamoja naye. Akanitazama vidole, akajua nimewahi kufanya kazi hiyo, akasogea kunipa nafasi jamvini.

Dar: Sina kikundi. Naweza kwenda peke yangu?

Unaweza, kaka. Kuna gari ndogo za kuchangia, wao huziita *travel*, zinakuchukua hotelini. Vijijini kuna malori yenye mabenchi ya mbao. Utapoteza vituo vya njiani tu, kwa sababu hayo hayasimami Cancar kukusubiri. Fika Labuan Bajo, ulizia kwenye nyumba za wageni, siku mbili hazipiti hujapata wenzako wa kuchangia gari.