Mtoto mwenye sisti ya mfupa: tunavyoishi nayo nyumbani

Mwanangu alivunjika mkono kwa kurusha mpira tu. Eksirei ikaonyesha uwazi wenye majimaji sehemu ya juu ya mfupa, karibu na bega. Ndiyo sisti ya mfupa; si saratani. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, hasa wavulana, na wengi hugundulika wakivunjika hivi hivi.

Kwanza, usiruhusu mtu auchue wala kuukanda mkono huo, hata bibi akinuna. Ganda la mfupa ni jembamba.

Kumvalisha: shati la vifungo. Ingiza mkono mgonjwa kwanza, kisha ule mzima. Kuvua, anza na mzima. Ukikosea mpangilio huo utasikia yowe mpaka kwa jirani. Khanga iliyokunjwa pembetatu inatosha kuning'iniza mkono, kiganja kikae juu kidogo ya kiwiko. Vidole vikifa ganzi, vikivimba au kubadilika rangi, hospitali saa hiyohiyo.

Mwalimu mkuu mpelekee barua ya daktari: hakuna mpira, kupanda miti wala kubeba ndoo.

Mfupa utaunga, ila sisti mara nyingi hubaki. Kwa hiyo kliniki usiache. Picha zote tunza zikiwa zimelala, andika tarehe kwenye bahasha, maana daktari hulinganisha ya zamani na mpya kabla ya kuamua: kusubiri, kuchoma sindano ya steroidi ndani ya sisti, au kuikwangua na kujaza mfupa.