Somo: Kutafutia soko mashine ya kuchonga bodi za saketi hapa Kigoma

Somo hili linamhusu mwenye mashine ndogo inayochonga shaba ya bodi kwa biti (ncha ya kukatia) ili zibaki njia za umeme, mfano zile ziitwazo 3018, na anayefikiria kuwa wakala wa kuziuza. Kosa la wengi ni kuanza kwa kutangaza mashine. Anza kwa kuuza bodi, kwa sababu mteja wa mashine ni yule ambaye bodi zako zimeshamzoesha kutosubiri.

Hatua ya 1: Ujue mpaka wa mashine. Anayetaka bodi 100 za aina moja, mwache aagize kiwandani China. Bei ile huiwezi. Wako ni yule anayetaka bodi 1 hadi 10, na anazitaka kesho. Kiwanda huweza kumaliza kazi kwa siku chache, lakini mzigo una safari ya kufika Dar es Salaam, forodha, halafu basi au reli mpaka huku mwisho wa njia. Hizo siku za kusubiri ndizo unazouza. Usiahidi matundu yenye shaba ndani wala rangi ya kijani inayozuia risasi ya kulehemu isisambae kwenye njia, maana mashine haifanyi hayo. Nafasi kati ya njia na njia ya shaba iwe milimita 0.3 au zaidi.

Hatua ya 2: Waendee wanaofungua bodi kila siku. Mafundi sola wa Mwanga, waunga taa za mitumbwi kule Kibirizi, watengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, walimu wa umeme vyuoni. Waulize: bodi ya mwisho uliisubiri siku ngapi? Ulihitaji ngapi? Nani anatoa hela? Jibu la tatu ndilo zito. Fundi anaweza kuipenda kazi yako mwaka mzima huku mfuko ukiwa kwa tajiri wake, na huyo hujawahi kuonana naye. Angalieni pia majira: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wakati kama huo oda za haraka za taa hukauka, lakini fundi ana nafasi ya kujaribu sampuli yako.

Hatua ya 3: Chonga mbele yake. Chukua saketi anayoitumia kweli, kama ya kudhibiti chaji. Ichore kwa KiCad (programu ya kuchora saketi), pitisha FlatCAM (programu inayogeuza mchoro kuwa amri za mashine), kisha:
- Bodi ya FR-1 (ya karatasi iliyogandishwa kwa gundi), unene milimita 1.6. Ya FR-4 ina nyuzi za kioo: inamaliza biti haraka na vumbi lake ni baya kwa mapafu, hivyo barakoa na kifyonza vumbi ni lazima.
- Biti ya V ya nyuzi 30, ncha milimita 0.1, kina 0.08, mwendo milimita 100 hadi 150 kwa dakika.
- Matundu: 0.8 kwa rezista, 1.0 kwa pini.

Kinachoharibu maonyesho mara nyingi ni bodi iliyopinda. Shaba yenyewe ina unene wa milimita 0.035 tu. Upande ulioinuka, biti inazama, na kila kina kikiongezeka 0.1 mfereji unapanuka kwa takriban 0.05 na kula njia nyembamba. Upande ulioshuka, shaba inabaki na njia zinagusana. Gundisha bodi kwa gundi ya pande mbili iliyoenea chini yote, kisha pima kwa biti urefu wa uso wake kwa gridi, kila milimita 10, ili mashine ifuate mpindo, kabla ya kuchonga. Usiruke kipimo hiki hata mteja akiwa na haraka.

Hatua ya 4: Bei. Jumlisha bodi, sehemu ya biti iliyoliwa, saa za mashine na saa zako za kuchora. Kuchora ndiko wengi husahau kutoza, na ndiko kunakokula siku.

Hatua ya 5: Sasa uza mashine. Chuo cha umma hununua kupitia NeST (mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni), na mwaka wa fedha huanza 1 Julai; profoma (ankara ya makadirio ya bei) ifike mezani bajeti ikiwa bado inaandaliwa. Weka ndani yake biti 20 za akiba, bodi za mazoezi na mafunzo ya siku 2. Mashine isiyo na biti za akiba huishia kufunikwa kitambaa stoo, na chuo cha jirani kikiuliza habari zake, umeshapoteza wateja wawili.

Maswali ya wanachama

*Fundi, Ujiji:* Mkuu, naweza kuchonga bodi za LED za taa za dagaa?

Zile za wati nyingi, hapana kaka. Zinataka bodi yenye mgongo wa aluminiamu ili zipoe, FR-1 itaungua. Chonga bodi ya kuziendesha, na ukishalehemu ipulizie vanishi ya bodi, la sivyo unyevu wa ziwani utaila shaba.

*Mwanafunzi, Tabora:* Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Marahaba. Mashine hizi husahau zilipokuwa. Usiibandue bodi. Toboa mapema tundu moja dogo kwenye kona kama alama ya sifuri. Umeme ukirudi irudishe biti hapo, gusisha upya urefu wa Z (wa juu na chini), rudia faili toka mwanzo. Itapita juu ya mifereji ileile.

*Dada wa Kasulu:* Mteja anataka kulipa akishaona inafanya kazi. Nikubali?

Dada, tenganisha. Bodi ilipwe ikishapimwa kwa mita mbele yake kwamba hakuna njia zinazogusana. Saketi isipofanya kazi kwa sababu ya mchoro wake, hilo ni juu yake, na liandikwe kwenye oda kabla hujawasha mashine.