Namna ya kuwasomea mbwa waliookolewa, hata kama hutaki kuwagusa

Kila Jumamosi asubuhi nakaa chini kwenye sakafu ya saruji, mbele ya kizimba cha mbwa, namsomea hadithi za Abunuwasi kwa Kiswahili. Ni hapa Columbus, Ohio, katika kituo kinachopokea mbwa na paka waliopotea au kutelekezwa. Niliporusha picha kwenye kundi la ukoo, kule Tanga walicheka mpaka wakaniuliza kama nimelogwa.

Mbwa akiingia kituoni hukuta makelele. Wakibweka kwa pamoja sauti hupita desibeli 100. Na kila mtu anayesimama kizimbani ana lake: huyu kaja kumchoma sindano, yule kumfunga kamba, mwingine kumwogesha. Mbwa mwoga hujibanza kwenye kona, na watu wanaotafuta mbwa wa kwenda naye nyumbani humpita kwa sababu hata uso hawajauona. Msomaji ni mgeni asiyemdai kitu.

1. Omba ruhusa. Uliza kama kuna mafunzo ya watu wa kujitolea. Jambo hili si geni: huko Berks, Pennsylvania, kituo kimoja kilianza mwaka 2013 kuwaalika watoto wa shule wawasomee paka. Kama kwenu hakuna, mwambie msimamizi kwamba hutafungua kizimba chochote na hutahitaji senti. Aghalabu hapo ndipo anapolegea.

2. Mikono na viatu. Vaa nguo za kuchafuka. Nawa kwa sabuni ukitoka sehemu moja kwenda nyingine, maana jeli ya spiriti haiui virusi vya parvo, na parvo huua watoto wa mbwa. Ukishapita kwa wagonjwa, usirudi kwa wadogo.

3. Kukaa. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Siku yangu ya kwanza nilisimama wima, nikamkabili jike mmoja wa rangi ya kahawia, nikamtazama machoni huku natabasamu meno yote nje. Akajikojolea. Kwangu ulikuwa ukarimu. Kwake lilikuwa jitu limemsimamia na kumkodolea macho.

Basi njoo polepole, ukae chini hatua mbili kutoka kwenye nondo, umpe ubavu. Macho yako yawe kitabuni. Usipenyeze vidole. Usimwite.

4. Kusoma. Lugha si hoja, anachosikiliza ni mwendo wa sauti. Soma chini kuliko unavyozungumza, na usibadilishebadilishe. Niliwahi kuigiza sauti ya fisi kwenye ngano moja, kizimba cha tatu kikalipuka, na jengo zima likafuata. Tangu hapo napendelea tenzi: mizani nane, kituo, mizani nane, kituo. Hakuna cha kumshtua. Baada ya beti ishirini hivi, masikio huanza kushuka.

5. Msome naye. Akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo ovyo, akigeuza kichwa mpaka weupe wa jicho uonekane, au mkia ukiingia katikati ya miguu, bado ana hofu. Sogea nyuma, endelea kusoma. Akipiga hatua moja mbele, dondosha kipande cha biskuti ulichopewa na wahudumu, bila kumwangalia. Ataanza kuhusisha mtu mbele ya kizimba na jambo jema. Akirudi nyuma, mwache arudi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha.

Kwa wenzangu wa pwani wanaoniuliza kuhusu najisi: mimi pia nimelelewa hivyo, na mate ya mbwa hayajanifikia hata mara moja. Nondo ziko katikati, na biskuti inadondoshwa. Ukipenda, nenda upande wa paka. Huko mambo ni mepesi zaidi: paka akikutazama, fumba macho polepole na kuyafumbua, akikurudishia, mmeelewana.

6. Ikitokea ajali. Ukiparuzwa au kung'atwa, hata kama ni alama ndogo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mwambie msimamizi, kisha hospitali siku hiyohiyo. Nyumbani Afrika Mashariki usilichezee kabisa jambo hili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, kupona ni nadra mno.

7. Andika. Daftari la kituo ndilo humsaidia mhudumu wa zamu inayofuata, naye humweleza anayekuja kuchukua mbwa. Usiandike "mzuri sana". Andika ulichokiona. Yule jike wa kahawia, wiki ya tano, nilimwandikia hivi: *Dakika 20. Alikaa kona mpaka ukurasa wa 6. Alikuja mbele, akala biskuti mbili. Amelala ubavu ukiwa kwenye nondo, upande wangu.*