Jinsi tunavyopasisha vifaa vya umeme ili visife ndani ya mvuke wa ajali ya nyuklia

Ndugu zangu, hii kazi ninayofanya huku Marekani wengi wakiisikia wanadhani nashinda nikipima mionzi, hapana. Yangu ni kuhakikisha kebo, transmita (sensa zinazopima kitu kama presha na kutuma namba chumba cha kuongozea), solenoidi (sumaku za umeme za kufungua na kufunga vali) na mota zilizoko ndani ya lile jengo la zege linalofunika kinu zinaendelea kufanya kazi hata siku bomba kubwa limepasuka na humo ndani kumejaa mvuke wa moto. Vijana wanaosomea umeme wananiuliza sana inafanyikaje, basi leo naieleza hatua kwa hatua.

Ila kwanza ushike sababu yake, manake bila hiyo utaona ni makaratasi tu. Ukiwa na pampu mbili, moja ikifa ya pili inakuokoa, si ndio? Mvuke hauendi hivo. Transmita zote nne ziko jengo moja, zimekaa kwenye joto lile lile miaka ile ile, kama gasketi zimechoka zimechoka zote na maji yataingia zote saa moja, hapo wingi wa vifaa haukusaidii chochote. Mwaka 1977 maabara ya Sandia, ya huku Marekani, ilijaribu viunganishi vya umeme kwenye mazingira ya ajali na vikafeli, zikaanza kelele kubwa. Kisha 1979 ikaja ajali ya Three Mile Island kule Pennsylvania, na baadhi ya sensa ndani ya jengo zikaharibika kwa unyevu na mionzi wakati ndo zinahitajika kuliko siku zote. Mwaka 1983 ikatoka kanuni ya serikali ya Marekani iitwayo 10 CFR 50.49, na hiyo ndo inatuongoza mpaka leo.

Hatua ya 1, tengeneza orodha. Usiandike vifaa vya usalama peke yake, andika pia vile visivyo vya usalama ambavyo vikiharibika vinaweza kuviangusha vya usalama, na zile sensa za kuangalia hali baada ya ajali. Vilivyo sehemu tulivu, ambako hata ajali ikitokea mazingira hayabadiliki sana, kanuni hii haivigusi.

Hatua ya 2, jua kila kifaa kitapitia nini. Joto la kila siku, joto na presha ya ajali, unyevu, mionzi ya miaka yote ukijumlisha na ya ajali, dawa inayonyunyiziwa humo ndani (kwenye vinu vingi vya maji ya presha ni asidi ya boriki, mara nyingi imechanganywa na soda kali), na kama kifaa kinaweza kuzama. Kwa joto la kila siku usichukue namba ya kwenye mchoro ukaridhika, nenda kapime, nitarudi hapo.

Hatua ya 3 ndo wengi wanateleza: kuzeesha. Huwezi kupeleka kifaa kipya kwenye mvuke ukasema kimefaulu. Gasketi mpya ukiibonyeza kwa kucha inarudi yenyewe, iliyozeeka inabaki na alama, na ajali haichagui kuja mwaka wa kwanza. Kwa hiyo tunakiweka kwenye oveni kizeeke haraka, tukitumia hesabu ya Arrhenius, inayoonyesha joto likipanda kitu kinazeeka haraka kiasi gani. Chukua mfano huu: kifaa kitakaa nyuzi 50 kwa miaka 40, oveni yako ni nyuzi 130, na nishati ya uamsho ya ile raba (namba inayoonyesha kuzeeka kwake kunaathiriwa na joto kiasi gani, kipimo chake ni eV) ni 1.0 eV. Gawanya 1.0 kwa 0.00008617 (namba ya kudumu ya Boltzmann) upate kama 11,605. Sasa badili nyuzi ziwe kelvini, 323.15 na 403.15, gawanya 1 kwa kila moja, tafuta tofauti ya majibu hayo mawili, zidisha kwa ile 11,605, unapata 7.13. Pandisha e (ile 2.718 ya hesabu) kwa hiyo namba, inatoka kama 1,244, yaani oveni inazeesha mara 1,244 zaidi. Miaka 40 ni saa 350,400, gawanya kwa hiyo 1,244, unabaki na saa 282, yaani kama siku 12 tu ndani ya oveni.

Sasa tazama utamu wake na hatari yake. Kama pale kifaa kilipo sio nyuzi 50 bali 60, zile saa 282 zako hazina tena thamani ya miaka 40, zinakupa kama 13 na nusu. Na kama joto ni lile lile 50 ila raba yenyewe ni 0.8 eV na sio 1.0, unabaki na miaka isiyofika 10! Kwa hiyo mtu akikuletea ripoti ya miaka 40, muulize hiyo nishati ya uamsho imetoka wapi na ni ya raba gani hasa, asikujibu tu "EPDM" (jina la aina moja ya raba), manake EPDM ya kiwanda hiki sio ya kile.

Hatua ya 4, mionzi na mtikisiko. Mionzi tunapiga kwa kobalti-60 (madini yanayotoa mionzi), kasi isizidi grei 10,000 kwa saa (grei ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa), na kebo nyingi zimepimwa kwa jumla ya grei milioni 2. Halafu kifaa hicho hicho, usibadilishe kingine, kinapanda meza ya tetemeko.

Hatua ya 5, mvuke. Kifaa kinafungiwa ndani ya tangi la chuma kikiwa na umeme, waya zinatoka nje, we unakaa na mita. Joto linapandishwa ghafla, ongeza nyuzi 8 juu ya zile za ajali na asilimia 10 ya presha kama akiba, dawa inanyunyiziwa, unafuatilia mkondo unaovuja siku baada ya siku. Ukiona namba inaanza kucheza usikimbilie kulaumu saketi, tazama kwanza pale kebo inapoingilia.

Hatua ya 6, kukifunga mtamboni vile vile kilivyojaribiwa. Kama kwenye jaribio mlango wa kebo ulikuwa na sili na wewe umefunga kondiuti (bomba la kupitishia waya) wazi, mvuke utapita kwenye kondiuti kama maji kwenye mferejini na ile ripoti haikuhusu tena. Bolti za mfuniko zikazwe kwa torki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa. Oringi (pete ya raba ya kuziba mfuniko) ya EPDM usiipake grisi ya petroli, inavimba, paka ile iliyotajwa kwenye ripoti.

Shatidauni moja (kinu kikiwa kimezimwa kwa matengenezo) nilifungua mfuniko wa transmita, nimevaa glavu pea mbili na tochi ya kichwani. Oringi ilikuwa imelala bapa kabisa, haina tena umbo la duara, nilipoikunja kidogo ikapasuka. Karatasi ya kazi ilikuwa na sahihi kwamba imebadilishwa shatidauni iliyopita. Iliniuma sana, kwa sababu kifaa kilikuwa kinasoma vizuri tu, chumba cha kuongozea wasingejua lolote mpaka siku ya mvuke. Tukafungua na wenzake wote.

Hatua ya 7, kufuatilia. Siku ile nikapapasa karibu na bomba la jirani, nikakuta blanketi la kuzuia joto halikurudishwa. Tulirudisha blanketi, lakini pia tukaacha kirekodi cha joto pale mzunguko mzima wa miezi 18, na bado kikasoma karibu nyuzi 60 muda mwingi wakati faili lilisema 50. Nikarudia hesabu ile ile niliyokuonyesha juu. Faili la kile kifaa sasa limeandikwa miaka 13, na tarehe ya kukibadilisha iko kwenye ratiba ya matengenezo.